Yule fundi wa kompyuta wa Majengo, Dodoma, leo kanishika mkono kwenye mausi!!!

Wakuu, sitaji jina. Mnamjua. Yule mwenye feni inayonguruma kama mashine ya mahindi ya Kibaigwa, anayevaa miwani ya jua ndani ya duka. Leo kanishika mkono kwenye mausi. MKONO! Mbele ya wateja sita na mama wa karanga.

Nimepakia CPU kwenye bajaji toka Nkuhungu, nafika vumbi limenifanya tofali. Ina Ubuntu mpya, ule mfumo wa kuendesha kompyuta. Naandika ifconfig, amri ya kuona mtandao wa kompyuta, haiijui. Netstat, ya kuona miunganisho, haiijui. Namtafuta eth0 wangu, jina la zamani la kadi ya mtandao, naambiwa siku hizi anaitwa enp3s0, nikadhani namba ya gari la serikali linaloenda Mtumba. Najaribu kuingia kwa ssh (njia salama ya kuingia kifaa kwa mbali) kwenye swichi yangu kongwe ya mtandao wa steshenari, inanitemea diffie-hellman-group1-sha1, njia yake ya kukubaliana funguo, kama matusi.

Nikamwuliza kistaarabu. Badala ya kujibu akawageukia wateja: "Babu anatafuta ifconfig." BABU! Nina miaka 45! Halafu ndiyo akanishika mkono, akausogeza polepole: "Hii tunaita kubofya." Mama wa karanga alicheka mpaka kipimo kikamponyoka.

Mimi nimefunga mitandao yeye anasukuma tairi na kijiti. Ifconfig yenyewe imekuja na mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983, ni mdogo wangu! Na elfu kumi kachukua. Ya kunishika mkono!

Mgogo Mpole: Mkuu, skrini hukuisoma? Ukiandika ifconfig Ubuntu inakuambia yenyewe namna ya kuiweka: sudo apt install net-tools. Umepanda bajaji kufuata kicheko.

Mleta uzi: Bando lilikuwa limekata. Na tusihame mada, ALINISHIKA MKONO.

Zabibu Chachu: Mkono wake laini lakini?

Wa Kisasa: Tumia ip addr badala ya ifconfig, na ss badala ya netstat. Swichi ikigoma ongeza -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1, OpenSSH (programu ya hiyo ssh) ya sasa haikubali njia hiyo ya zamani mpaka uilazimishe. Ikigomea na ufunguo, weka pia -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa. Shikamoo babu.

Mleta uzi: Shikamoo peleka kwenu.

Zabibu Chachu: Kwa hesabu zake ifconfig ndiyo inatakiwa imwamkie 😂😂

Mgogo Mpole: Marahaba, ifconfig.

Wa Kisasa: Ila mkuu, usije ukakimbilia telnet, ile njia ya zamani ya kuingia, kwa hasira. Kule nywila inapita wazi, kama mtu anataja PIN yake kwa sauti stendi.

Mama Watatu: Afadhali wewe kakushika mkono. Mimi huyohuyo kaniwekea Windows, picha za kipaimara za mwanangu zote zimekwenda. Namwuliza, ananijibu "zimepumzika". Zimepumzika!

Mgogo Mpole: 😂😂 Kwangu aliuza chaja, ikawaka moto siku ya pili, akasema umeme wa kwetu una hasira.

Mleta uzi: Jamani, mkono...

Dereva Mstaafu: Nkuhungu hadi Majengo bajaji umelipa ngapi?

Mleta uzi: Elfu tano, na CPU.

Dereva Mstaafu: UMEPIGWA.

Mama Watatu: Elfu tano?? Mimi toka Ipagala nabeba magunia mawili ya mkaa kwa hiyo hela.

Zabibu Chachu: Huyo wa mkaa ana bei nzuri, nitumie namba yake inbox.

Mama Watatu: Nimetuma. Mwambie umetoka kwangu, bila hivyo atakupiga na wewe.