Kidani cha bibi chenye jina la Miriam Haskell: nani atakitengeneza hapa Lamu?

Binti wa Mkomani
Assalamu alaykum. Marehemu bibi yangu ameniachia kidani cha nyuzi tatu za lulu. Alipewa 1974 na mwanamke wa Kimarekani aliyepanga chumba chetu cha juu. Bibi alimuuguza malaria wiki nzima. Kila Idi alikivaa. Sasa ua la mbele limelegea na lulu kumi na moja zimedondoka, nimezikusanya ndani ya kikombe cha kahawa. Sonara mmoja alikikwaruza, akasema si dhahabu wala lulu, akawasha moto ili akilehemu. Nikamnyang'anya. Nyuma ya kifungo pana kibati cha umbo la yai kilichoandikwa Miriam Haskell. Ni nani?

Fundi wa Langoni
Waalaykum salaam mwanangu. Umefanya vyema sana. Moto ungebabua ngozi ya zile lulu, maana ni za bandia, zimepakwa rangi.

Haskell alizaliwa 1899 huko Tell City, Indiana, na 1926 akafungua duka dogo la mapambo ya bandia ndani ya Hoteli ya McAlpin, New York. Msanifu wake mkuu alikuwa Frank Hess. Shanga za kioo walileta kutoka Bohemia, huko Ucheki, na Murano, huko Italia. Kazi zao za miaka ya 1930 kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo chako ni cha baadaye. Kampuni alimwachia kaka yake 1950, akafariki 1981.

Lakini ligeuze hilo ua. Kila ushanga umefungwa kwa mkono, kwa waya mwembamba, juu ya kibati cha shaba chenye matundu. Kisha kibati cha pili kimefunika mafundo yote. Mimi natengeneza pete za vigae vya sahani za Kichina. Kigae chenyewe kimeokotwa ufukweni, na fedha ninayotia ni kidogo. Anayenunua pete hiyo ananunua mkono wangu. Atakayekuambia kidani hicho hakina kitu, hajatazama nyuma yake.

Mama Shela
Mwanangu, marashi na udi jipake kwanza, uache vikauke, ndipo ukivae. Marashi hula lulu za namna hiyo. Na usikitie majini, uzi utaoza.

Binti wa Mkomani
Ahsanteni. Nimekigeuza dirishani. Kibati cha pili kipo kweli, kimeshikwa na vikucha vinne, na kimoja kimefunguka. Ndani waya umekatika mahali pamoja tu! Nimelia kidogo. Fundi, nitafute waya gani?

Fundi wa Langoni
Wa shaba laini, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Ninao. Vikucha usivikunje mwenyewe, huvunjika. Njoo baada ya alasiri na kikombe chako, tukae barazani penye mwanga. Nitakuonyesha fundo, kisha utafunga wewe.