Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, mbona mji huo haukuwa Manchester?

Mwalimu wa Lanet (Nakuru)

Hamjambo nyote. Ninafundisha Historia katika shule ya upili hapa Nakuru, na wiki iliyopita nilikwama mbele ya darasa langu. Tulikuwa tukijadili jinsi mapinduzi ya viwanda yalivyotoka Uingereza yakaingia Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na Marekani, na baadaye Japani, nami nikatoa maelezo yaliyozoeleka: makaa ya mawe, chuma, mtaji, na zaidi ya yote, reli. Ndipo mwanafunzi mmoja ambaye kwao ni Kisumu akauliza kwamba, ikiwa reli ndiyo iliyoeneza viwanda, mbona ile iliyofika kwao mwaka wa 1901 haikuufanya mji huo kuwa Manchester, ule mji wa Uingereza uliosifika kwa viwanda vya nguo. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitambua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha orodha ya mahitaji badala ya sababu.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, ni nini hasa kilichovusha viwanda kutoka nchi moja hadi nyingine? Pili, yale mateso tunayoyasoma, yaani watoto viwandani, mitaa michafu na mafundi wa mikono kukosa kazi, je, yalikuwa hayaepukiki?

Msomaji wa Milimani (Kisumu)

Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali zuri kuliko mengi ya mitihani. Nitajibu la kwanza.

Waingereza wenyewe walijua kilichokuwa kikivusha viwanda, na ndiyo maana walikiwekea sheria. Hadi mwaka wa 1824 fundi stadi hakuruhusiwa kuhama nchi kwenda kufanya kazi ng'ambo, na marufuku ya kuuza mitambo nje haikuondolewa kabisa hadi 1843. Samuel Slater, aliyekuwa amejifunza kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi, aliondoka Uingereza mwaka wa 1789 bila kubeba mchoro wowote, kwa kuwa mitambo yote alikuwa nayo kichwani, na kufikia mwisho wa mwaka uliofuata nyuzi zilikuwa zikisokotwa kwa nguvu za maji huko Pawtucket, Marekani. William Cockerill, fundi mwingine Mwingereza, naye alifika Verviers, katika Ubelgiji ya leo, mwaka wa 1799 akaanza kuunda mitambo ya sufu, na mwaka wa 1817 mwanawe John akaanzisha karakana za chuma na mitambo huko Seraing, karibu na Liège. Kilichovuka mpaka katika visa vyote viwili ni mtu anayejua kazi, akapokewa na watu wenye fedha na hamu ya kujifunza kwake.

Sasa tazama reli. Garimoshi la kwanza la abiria nchini Ujerumani, mwaka wa 1835, lilivutwa na injini iliyonunuliwa Uingereza na kuendeshwa na dereva Mwingereza. Miaka sita tu baadaye, karakana ya August Borsig mjini Berlin ilikuwa imetoa injini yake ya kwanza. Kwa Wajerumani, reli ilikuwa mteja: ilidai chuma, makaa, boila na mafundi, na madai hayo yakajibiwa papo hapo nyumbani. Reli yetu nayo ilidai vitu hivyo hivyo, lakini madai yakapelekwa Uingereza kwa meli. Mataruma ya chuma yalikuja kwa meli, na injini pia. Kilichoshuka kuelekea Mombasa kilikuwa malighafi, na kilichopanda kilikuwa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa. Reli ni ile ile, Mwalimu. Aliyeijenga ndiye aliyekuwa na nia tofauti.

Fundi Mstaafu (Kondele)

Msomaji wa Milimani amesema kweli, nami naongeza ya karakanani. Nilifanya kazi ya kurekebisha mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo huku magharibi kwa muda mrefu. Tulikuwa na vijana ambao wangeweza kusikia tu mlio wa mtambo wa kufuma wakajua ni beringi ipi imekwisha. Hata hivyo, gia ikivunjika tulisubiri spea kutoka ng'ambo kwa miezi, kwa sababu hapakuwa na karakana ya kuyeyushia chuma cha kiwango kile, na mtambo uliosimama hula fedha kama ule unaofanya kazi. Tulijua kutibu, lakini dawa haikuwa mikononi mwetu.

Kisha katika miaka ya 1990 soko lilifunguliwa na mitumba ikaingia. Shati lililovaliwa tayari liliuzwa kwa bei ambayo haikutosha hata kununua pamba ya kutengenezea jipya. Wakulima wa pamba waliona hivyo wakang'oa, na bila pamba ya karibu hata viwanda vilivyosalia vilipata taabu. Marekani na Ujerumani zilitoza bidhaa za nje ushuru zilipokuwa changa. Sisi tulifungua mlango tukiwa bado tunatambaa.

Msomaji wa Milimani (Kisumu)

Mzee wangu, nakubaliana nawe kuhusu spea, lakini kuhusu ushuru naomba kupunguza kidogo. Japani ililazimishwa na mikataba ya mataifa makubwa kutoza ushuru mdogo mno, takribani asilimia 5, na haikupata uhuru kamili wa kujipangia ushuru hadi mwaka wa 1911. Hata hivyo ilijenga viwanda. Mwaka wa 1872 serikali yake ilifungua kiwanda cha hariri huko Tomioka kwa mitambo ya Kifaransa na chini ya mtaalamu Mfaransa, Paul Brunat, lakini wasichana waliojifunza pale walitarajiwa kurudi mikoani kwao kufundisha wengine, na baada ya miaka michache Wafaransa wakaondoka. Kwa hiyo ushuru husaidia, sikatai, ila kwangu mimi swali la kwanza ni kama mgeni aliyeleta mtambo ameacha wanafunzi.

Fundi Mstaafu (Kondele)

Wasichana wale walikuwa na hariri ya kwao wenyewe, na dunia ilikuwa ikiihitaji. Sisi tulikuwa na wanafunzi. Tulikosa pamba na mnunuzi. Hapo hatutaafikiana.

Binti wa Nzoia (Kakamega)

Naona mmelisahau swali la pili la Mwalimu. Wafanyakazi wa kwanza wa Slater walikuwa watoto wa miaka 7 hadi 12. Uingereza ilipopitisha sheria ya 1833, iliyokataza watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vya nguo na kuweka wakaguzi, wenye viwanda wengi walilia kwamba wangefilisika. Hawakufilisika. Mwaka wa 1847 saa za wanawake na vijana zilipunguzwa hadi 10 kwa siku, na Manchester iliendelea kufuma. Kwa hiyo mateso yale hayakuwa bei ya lazima ya mtambo. Yaliendelea hadi watu walipoyapinga kwa sheria, vyama na migomo.

Lakini si kila athari huonekana ndani ya lango la kiwanda. Nilikulia katika eneo la miwa. Shamba ambalo mama yangu alilipanda wimbi, mihogo na viazi vitamu liligeuzwa kuwa la miwa, ambayo hukaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Kazi ya palizi ilibaki kuwa yake, lakini malipo yalikuja kwa jina la baba, kwa sababu ndiye aliyeandikishwa kuwa mkulima. Karo ililipwa, sikatai, na ndugu zangu wawili walipata kazi kutokana na sukari. Mama naye, aliyekuwa akiuza chakula sokoni, akaanza kukinunua. Ukiwafundisha wanafunzi athari za kijamii, Mwalimu, waulize pia jina la nani liliandikwa kwenye hundi.

Mwalimu wa Lanet (Nakuru)

Ahsanteni sana. Jumatatu nitaanza na dereva Mwingereza na injini ya Borsig, kisha nimwache kijana wa Kisumu aeleze tofauti mwenyewe. La hundi nitawapa waulize nyumbani, kwa maana nusu ya darasa langu wametoka katika familia za pareto, chai au miwa. Mzee wa Kondele, kama una beringi kuukuu iliyokwisha, nitashukuru ukinitumia kwa matatu, niwaonyeshe.

Fundi Mstaafu (Kondele)

Ninayo. Ni nzito, mwambie makanga asiiweke juu ya mayai ya watu.