Nimepewa watoto, vijana na familia kwa mpigo mmoja kanisani. Nianzie wapi?

MwembeniSundei ameandika:

Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa msio wa kanisa pia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mshirika wa Methodist huku Kilifi upande wa bara. Mwezi uliopita kikao cha viongozi kilinipa huduma ya watoto, vijana na familia. Zamani zilikuwa kamati tatu. Mbili zilijifia, ya tatu ikabaki na mwenyekiti asiye na wanakamati. Nikaitikia kabla sijauliza pesa. Baadaye naambiwa ni shilingi 12,000 za mwaka mzima, na nusu yake ishaliwa na soda za Krismasi.

Watoto wa Jumapili wanafika 60. Walimu ni wawili, mimi na mama mmoja mzee. Tunafundishia chini ya mwembe, mvua ikija tunakimbilia jikoni. Vijana wako 8, na 5 kati yao wamefuata kwaya tu. Wenzao nawasikia kwenye disco matanga, zile disco za msibani, usiku kucha, na wengine ni wa kidato cha pili. Mchungaji ana makanisa sita kwenye sakiti (kundi la makanisa ya jirani chini yake), kwetu hufika mara moja kwa mwezi, na yasemekana Konferensi, mkutano mkuu wa kanisa letu, itamhamisha.

Nimefikiria kununua spika tuwe na usiku wa vijana kila Ijumaa, halafu Agosti nifanye semina ya ndoa ya siku mbili kwa familia, na msemaji kutoka Mombasa. Nianze na lipi? Pesa nizitoe wapi?

BodaMwinjilisti:

Spika usinunue dada. Wale wa disco wana jenereta na madebe ya muziki yanayosikika hadi kijiji cha tatu. Wewe na kispika chako cha elfu nane, saa mbili unusu umebaki na wanakwaya wako watano.

MzeeKinanda:

Hongera binti. Usione kazi ya watoto ni ya kando. Huko Uingereza, High Wycombe, Mmethodisti mmoja mwanamke, Hannah Ball, alianzisha shule ya Jumapili mwaka 1769. Robert Raikes wa Gloucester, ambaye ndiye hutajwa kila mahali, alianza 1780. Na hata kabla yao, kumbuka mama yake John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Susanna alizaa watoto 19, wakakua 10, na kila mmoja aliyekuwa nyumbani alitengewa jioni yake ya kukaa na mama peke yake wazungumze mambo ya roho. Ya John ilikuwa Alhamisi. Wazazi wa siku hizi wanatuletea watoto Jumapili kama wanaopeleka mahindi kwenye posho mill. Anza na wazazi.

MamaPacha:

Mzee shikamoo, na heshima zako zote nazitunza. Lakini mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwanda cha nguo, narudi saa mbili usiku. Hiyo Alhamisi yangu niitoe wapi? Anayesali na pacha wangu ni nyanya yao, na nyanya mwenyewe hajui kusoma.

Dada Mwembeni, kabla hujamlipia huyo msemaji nauli, hebu hesabu. Katika hao watoto 60 ni wangapi wanalala nyumba moja na baba na mama? Mtaani kwetu mmoja mamake yuko Saudia mwaka wa tatu, wengine wanalelewa na shangazi, wengine baba anaonekana Idi na Krismasi. Ukibandika tangazo la "semina ya ndoa" mimi sitakuja. Sina ndoa ya kuipeleka semina. Na si kwamba sina familia.

KaraniMstaafu:

MamaPacha amesema.

Nilikuwa katibu wa kanisa miaka 11, kwa hiyo nitakushauri kikarani. Sisi hubatiza watoto wachanga, na siku hiyo si wazazi peke yao wanaoahidi. Kanisa zima husimama likakubali kumlea yule mtoto. Halafu tunakwenda kula pilau na ahadi inabaki kwenye rejesta.

Kaombe hiyo rejesta ya ubatizo. Chukua miaka minne, mathalan 2006 hadi 2009, yaandike majina yote kwenye daftari, uulize jina moja moja: huyu yuko wapi leo? Hao ndio vijana wako. Wale 8 ni waliobaki tu.

Ukishapata orodha usiizungukie peke yako, utaugua. Methodist tuna madarasa, yaani vikundi vidogo vya washirika. Kila mshirika ana darasa lake na kiongozi wake, hata kama siku hizi kiongozi anakumbukwa kwa kukusanya ahadi za pesa tu. Mpe kila kiongozi majina ya upande wake. Mchungaji atahamishwa, na atakayekuja atahamishwa, ndivyo tulivyo. Viongozi wa madarasa wamezaliwa hapo na watazikwa hapo. Gharama ni daftari la shilingi 60.

MlinziWaGeti:

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii, nitaongea jambo ambalo hamjaligusa. Watoto 60, walimu wawili, na jikoni wakati wa mvua. Kabla ya daftari na kabla ya semina, pata watu wazima wengine wanne. Kisha wekeni kanuni: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, awe mwalimu, mzee wa kanisa au mchungaji mwenyewe. Mazoezi ya kwaya yaishe jua likiwapo. Anayemchukua mtoto mdogo ajulikane. Jua ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yenu iko wapi, na namba 116 ya msaada kwa watoto ibandikwe ukutani, simu yake ni ya bure.

Na mtoto akikwambia jambo baya alilofanyiwa, usilipeleke kwa wazee lisuluhishwe kwa mbuzi. Ofisi ya watoto, au dawati la jinsia polisi, siku hiyo hiyo.

SautiYaNne:

Sasa kanisani hatuaminiani? Mnaleta mambo ya NGO.

MlinziWaGeti:

Ndugu yangu, katika kazi hii sijawahi kuletewa kesi ya mtu asiyeaminika. Asiyeaminika haachiwi mtoto.

SautiYaNne:

Hapo sina jibu.

BodaMwinjilisti:

Nirudi kwa vijana. Mimi nilitoka kanisani nikiwa na miaka 17, nikakaa nje miaka sita. Hakuna semina iliyonirudisha. Mzee mmoja aliniomba nimpakie mama yake kila Jumapili kwa boda, kwa kuwa miguu ilimshinda, na akanilipa kama abiria yeyote. Nikawa nafika, nakaa nje kwenye pikipiki. Siku moja msomaji hakuja, nikaitwa nisome somo na viatu vyangu vya vumbi. Leo niko kwenye ratiba ya wahubiri ya robo mwaka. Mchungaji mwenye makanisa sita anahitaji wahubiri wa kawaida wengi, na nyinyi mna vijana wanaojua kusoma kuliko sisi. Wafundishwe, waandikwe kwenye ratiba. Tena baada ya yale maandamano ya vijana ya Juni 2024 ukimwambia kijana yeye ni kanisa la kesho atakucheka machoni.

Matanga: usiende kuyapiga vita, utaonekana unamdharau marehemu. Kukifiwa, vijana wako na kwaya wawe wa kwanza kufika, wateke maji, wapasue kuni, waombe familia iwape zamu ya kuimba hadi saa tatu. Kisha mnaondoka pamoja na mnawafikisha wasichana majumbani, wawili wawili, na mama mmoja kila kundi. Disco itaendelea, ndiyo. Lakini wako watakuwa wameshalala.

MwembeniSundei:

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya. Nilipata rejesta, mchwa wameanza pembeni lakini inasomeka.

Ubatizo wa 2006 hadi 2009: majina 43. Wanaokuja ni 7. Walio bweni ni 11, kwa hiyo hao nawapata Aprili, Agosti na Desemba, na mambo yao nimeyahamishia likizo. Waliohamia makanisa mengine 9. Wako kwenye vibarua Mombasa 6. Watano hakuna anayejua. Mmoja alifariki mwaka juzi na kanisani hatukutangaza.

Wanne waliobaki ni wasichana wenye watoto. Wawili nimewafundisha mimi chini ya mwembe. Nilimtembelea mmoja na kiongozi wa darasa lake. Alidhani tumekuja kumhoji, akamficha mtoto chumbani. Tulipomaliza kahawa aliuliza kama mtoto wake anaweza kubatizwa, na nani atasimama naye, maana aliambiwa hana uso wa kusimama mbele ya kanisa. Sikujua nimjibu nini. Nyinyi mngemjibuje?

KaraniMstaafu:

Mwambie mtoto hajakosa kitu. Hayo mengine mzungumze na mchungaji faraghani, yasizungumzwe kwenye kikao cha watu ishirini. Na wa kusimama naye amekuja nyumbani kwake kunywa kahawa, au nimeelewa vibaya?

MamaPacha:

Mimi niko mbali lakini siku hiyo nitaomba ruhusa kazini nije.

MwembeniSundei:

Mmeniliza. Nimeongea na mchungaji, amekubali, itakuwa Jumapili ya pili ya mwezi akiwa kwetu. Nyanya yake atasimama naye, na kiongozi wa darasa, na mimi.

Walimu wapya nimepata watatu, mmoja ni kutoka wale 7. Semina ya ndoa nimeiacha. Ile 6,000 iliyobaki nataka turubai kubwa la kufunga mwembeni ili jikoni tuachane nako kabla ya vuli. Anayejua pa kununua zuri, Mazeras au Mariakani, na bei yake, aniambie.