Mume wangu anachekwa kwa kusukuma kigari cha mtoto, na mama mkwe anakuja Jumamosi. Naombeni ushauri

MamaLulu_Kimara

Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mnishauri bila matusi, maana ya mtaani yameshanitosha.

Nina mtoto wa miezi saba, bonge la mtoto, kliniki mwezi huu mzani umesoma kilo tisa na nusu. Nilijifungua kwa upasuaji na mgongo mpaka leo haujanikaa sawa. Nikimfunga mbeleko kidogo tu kiuno kinawaka moto. Mume wangu ndiye aliyeamua tununue kigari cha kusukuma. Tukakipata Kariakoo, kipya, magurudumu madogo manne, kinakunjika, 280,000. Hatukukopa kwa mtu.

Sasa maneno. Jirani wa kwanza aliniuliza kama mtoto ana ulemavu. Wa pili akasema mtoto siyo gunia la viazi mpaka asukumwe. Kliniki nikaambiwa nikiache nje kwa mlinzi, na kina mama kwenye benchi wakawa wanapeana macho, mmoja akaguna ile "mh" ya pua.

Hayo yote nimeyameza. Kinachoniuma ni la baba Lulu. Alikuwa akitoka kazini hata maji hanywi, anamweka mtoto kigarini wanakwenda zao gengeni, wananunua nyanya na vitunguu, wanarudi giza likiingia. Mtoto akisikia geti linagongwa tu anaanza kurusha miguu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakaanza kumwita "hausigeli". Juzi mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba nimemlisha limbwata. Tangu siku hiyo hamtoi tena mtoto. Ukimuuliza anasema amechoka, kazi zimekuwa nyingi. Namjua mume wangu, siyo kuchoka kule.

Jumamosi mama yake anaingia kutoka Iringa, atakaa nasi mwezi mzima. Kwenye simu ameshatamka kwamba mtoto wa ukoo wao hasukumwi. Wifi yangu, ambaye ni mtu wangu, ananishauri nikisokomeze stoo mpaka bi mkubwa aondoke.

Nikifiche? Nikiuze? Na huyu baba Lulu nimwambieje bila kumfanya ajione mnyonge zaidi?

Nawasilisha.

Chuma_cha_Reli

Laki mbili na themanini kwa Kimara ile ya makorongo? Uza hicho kitu, nunua kanga doti mbili, chenji weka akiba. Bibi zetu walilima na mtoto mgongoni na hatukusikia habari za kiuno.

BibiWaPangani

We Chuma, bibi zako walilalamika sana tu, ila hawakuwa na wa kumlalamikia. Kaulize.

MamaLulu mwanangu, pole na mgongo. Kwanza niambie unafunga vipi. Mabinti wengi siku hizi mnamning'iniza mtoto kwenye makalio, uzito wote unakuvuta nyuma, halafu mnasema mbeleko inaumiza. Inama kabisa, mtoto alale juu ya mgongo, mpandishe mpaka kichwa kifike karibu na mabega yako. Kanga ipite chini ya makalio yake, itandazwe mpaka nyuma ya magoti, magoti yake yawe juu kuliko makalio, miguu ikukumbatie kiuno. Ndipo ufunge juu ya matiti, kwa nguvu, ukunje na ncha ndani. Hapo hata ukiokota ufagio mtoto hatikisiki.

Lakini tumbo likishapita kisu, ufunge vizuri ufunge vibaya, kilo tisa na nusu ni zile zile. Kigari ni chako, kimenunuliwa na baba wa mtoto. Usimfiche mama mkwe kitu. Kwenye nyumba ya mwanawe akija kukikuta stoo kimefunikwa shuka, hatauliza habari za kigari, atajiuliza ni kipi kingine kimefichwa. Kiache sebuleni mahali pake. Na yeye si anataka mtoto abebwe? Mpe ambebe. Mwezi mzima.

Wa_Kayole

@BibiWaPangani hapo kwa "mwezi mzima" nimecheka mpaka nikaamsha watoto.

Huku Nairobi hili jambo linategemea uko wapi. Ukisukuma mtoto pale Westlands hakuna mtu anakuangalia mara ya pili, hata askari wa mlangoni anakufungulia mlango na kukuita madam. Kisukume kigari hicho hicho huku kwetu Kayole, kabla hujafika stendi umeshaulizwa unajifanya nani. Mimi niliacha kujali siku nilipogundua wanaouliza sana ndio wa kwanza kuomba wakiazime wakienda harusini.

Nesi_Mstaafu

Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki za watoto miaka mingi, nichangie kidogo upande huo.

Mtoto wa miezi saba anayekaa mwenyewe hana tatizo na kigari cha kukaa. Wachanga ndio wanaohitaji kile kinacholala bapa, kwa sababu shingo haijakaza, kichwa kikianguka mbele kinabana njia ya hewa. Mbeleko nayo ina faida yake ya kweli: miguu kukaa imepanuka kama alivyoeleza bibi hapo juu ni mkao mzuri kwa nyonga za mtoto. Kwa hiyo huna haja ya kuchagua kambi. Mgongo ukikuruhusu mbebe, ukikataa msukume. Kibaya ni kumfunga kigarini kutwa nzima asipate muda wa kutambaa chini kwenye mkeka.

Yafuatayo ndiyo ningetamani jirani zako wayahoji badala ya hayo wanayoyasema. Mkanda unafungwa wote, mabegani, kiunoni na kati ya miguu, hata kama mnakwenda hapo gengeni tu. Usining'inize mfuko wa nyanya kwenye mshikio, maana siku utakapomnyanyua mtoto kigari kitabinuka nyuma, na siku nyingine kitabinuka naye. Na tafadhali sana, msifunike kigari kwa kanga juani mkidhani mnampa kivuli. Hewa haizunguki na joto linapanda ndani upesi, mtoto analegea nanyi mnafikiri amelala. Kofia yake, kivuli cha kigari chenyewe, na mtoke asubuhi au jioni. Kingine, akiwa kigarini yuko chini usawa wa moshi wa magari, kwa hiyo kwenye barabara kubwa msimame mbali.

Na huo mgongo nenda ukaonwe, dada. Miezi saba ni mingi kwa kukaa na maumivu ukisingizia upasuaji. Waambie wakuangalie, wakuelekeze na mazoezi.

Mzee_wa_Kirumba

Mimi niongee na shemeji moja kwa moja, mpe simu asome.

Bwana mdogo, niko Mwanza, nina mapacha. Umewahi kuona kigari cha mapacha kikipita sokoni Kirumba? Wauza samaki waliacha kupara sangara wakasimama. Nimeitwa majina yote: nimekaliwa, nimepuliziwa, nimefungwa kwenye chungu. Wiki za mwanzo nilikuwa nazunguka njia ya nyuma kama mdaiwa. Halafu nikaona nazungushwa na nani? Mmoja wa waliokuwa wananicheka mtoto wake alikuwa anamkimbia akimwona, anamlilia mama yake. Wangu wakinisikia nakohoa nje wanagombania mlango.

Nikupe na mbinu. Kijiweni usipite ukiangalia chini. Simama, salimia, muulize mwenye pikipiki bei ya mafuta leo, mtoto akiwa hapo hapo mbele yao. Vijana watamshika shavu mtoto, nakuapia. Kumcheka mtu anayekimbia ni rahisi, kumcheka anayekuuliza hali ya mama yako ni kazi.

Shemeji MamaLulu, wewe usimhutubie. Mwanaume akiambiwa "usijali wanavyosema" anaelewa kuwa na wewe umewasikia. Mwambie tu nyanya zimeisha.

Chuma_cha_Reli

Mzee wa Kirumba nakuheshimu, ila mnamdanganya dada wa watu. Mmejibu habari za hisia tu. Naijua Kimara, kuna vichochoro ukiachia mpira unaukuta lami. Masika hii maji yamechimba mitaro katikati ya barabara za ndani. Magurudumu madogo manne kwenye kokoto na mchanga ni hatari, siyo ushamba wala uzungu. Hilo ndilo nililomaanisha.

FundiSpoku

Chuma leo kaongea la maana, ngoja nilipige msasa.

Vile vya magurudumu madogo ya plastiki vimetengenezwa kwa sakafu na njia za zege. Kwenye mchanga gurudumu la mbele linajipinda upande, kigari kinagoma ghafla, mtoto anatikiswa mbele. Kwa njia zetu tafuta chenye magurudumu matatu makubwa ya upepo, ambacho la mbele unaweza kulifunga lisizunguke. Vya mtumba vinaingia vingi kwenye makontena na kinaweza kukupa maisha marefu kuliko hicho kipya. Ukienda kukagua usiangalie kitambaa, kitambaa kinafuliwa. Kanyaga breki kisha kisukume kwa nguvu, gurudumu lolote likizunguka achana nacho. Kikunje na kukikunjua mara kadhaa usikie kufuli likilia "ta", halafu bonyeza fremu kwa uzito wako uone kama linaachia. Funga mkanda, uvute kama unagombana nao. Angalia fremu pale kwenye viungio kama kuna ufa au pamechomelewa. Tyubu zikitoboka fundi baiskeli yeyote anaziba.

Kwa mteremko hakikisha kina kamba ya kuvaa mkononi. Kama hakina, fundi viatu atakushonea mkanda wa begi, upande mmoja kwenye fremu, upande wa pili kwenye kifundo cha mkono. Siyo kwenye mshikio wa sponji, kwenye fremu.

Binti_Leicester

Nimesoma uzi wote nikiwa nanyonyesha. Dada, huku Uingereza hakuna anayekushangaa kwa kusukuma, wanakushangaa umesukuma cha nani. Viko vya zaidi ya pauni 1,000, na kwenye vikundi vya kina mama wanatazama nembo kwanza, mtoto baadaye. Mimi changu ni cha mtumba, nimeulizwa kwa upole ule wao wa kukata na kisu cha siagi kama "nimehakikisha ni salama". Siku nikamfunga mwanangu mbeleko kwa kitenge kwenda dukani, bibi mmoja akanisimamisha kuuliza kama mtoto anapumua. Yaani ukisukuma vibaya, ukibeba vibaya.

Mpaka kwenye mabasi ni ugomvi. Ndani kuna nafasi ya kiti cha magurudumu ambayo kina mama huegesha vigari. Kesi moja ilifika Mahakama ya Juu, mwaka 2017 ikaamuliwa kwamba dereva hatakiwi kuishia kuomba tu mtu asogeze kigari, inabidi aende mbele zaidi ya hapo. Kisa mama mmoja alikataa kusogea kwa sababu mtoto alikuwa amelala, mwenye kiti cha magurudumu akaachwa kituoni. Hapo hata mimi ningemhukumu, maana kuna kuhukumiwa kwa haki na kuna umbea.

Kwa shemeji: vile vyepesi vinavyokunjwa mithili ya mwavuli vilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren. Alikuwa mhandisi wa ndege, ndiye aliyeshughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Alimwona binti yake akihangaika na kigari kizito akisafiri na mjukuu, akaingia karakana akatengeneza chepesi cha alumini. Babu huyo. Awapelekee kijiweni hiyo.

Chuma_cha_Reli

Bodaboda ukiwatajia ndege ya kivita wanakupa kiti ukae. Hiyo nakubali.

MamaLulu_Kimara

Mrejesho, samahani nimechelewa, nyumba ina mgeni.

Sikukificha. Mama alipoingia alikiona sebuleni, akakizunguka, akanisalimia, akaomba maji ya kuoga. Kimya hicho kilinitesa kuliko kama angenigombeza. Siku za mwanzo alimbeba mjukuu wake kila saa, na bibi wa Pangani nikuambie, anafunga vilevile ulivyoeleza, mtoto analala fofofo. Jumatano nikamsikia anamwambia mwanawe kwamba mtoto huyu mmemlisha mawe. Bado hajawahi kukisukuma, na sitegemei. Ila akiwa anachambua mchicha barazani anamkalisha Lulu humo na kumfunga mkanda, halafu watu wakipita anawahi kusema "nimempumzisha tu". Nguo za mtoto pia anaanika kwenye mshikio. Nimekausha.

Baba Lulu nilimpa simu asome, akasoma maneno ya mzee wa Kirumba mara mbili, hakusema kitu. Jana kasema kijiweni hapiti, hana shida ya kuwaamkia watoto wadogo, ila kuna genge lingine upande wa kanisani. Wamekwenda huko. Vitunguu vya kule ni ghali zaidi na mimi nimenyamaza.

Mgongo nimeandikiwa mazoezi, asante nesi. Kigari tumekubaliana tuuze hiki tutafute cha magurudumu ya upepo, Fundi nitakuja inbox unisindikize kukagua.

Mama_Mtarajiwa

Dada hicho cha magurudumu madogo unauza bei gani? Niko ghorofani Upanga, kwetu ni vigae na lami tupu.

MamaLulu_Kimara

Laki na nusu, breki nzima, mkanda mzima. Subiri tu mama amalize kuanua nguo.