Msaada wakuu: mimi ndo admini lakini folda za yuza kwenye seva zinanikatalia

admini_mpweke
Wakuu salaam, naombeni mnitoe hapa maana leo siku ya tatu nazunguka palepale. Nina seva ya Windows inabeba mafaili ya ofisi, yuza kama 60 hivi, na Documents za kila mtu zimeelekezwa huko kwa GPO (sera za Windows zinazoshushwa kwa kompyuta na yuza wote wa ofisi), yani mtu akisevu kitu kwenye Documents kinaenda kulala kwenye seva sio kwenye kompyuta yake. Setapu niliikuta hivyohivyo, aliyeiweka alishaondoka na hakuacha hata karatasi moja ya maelezo. Yuza wako poa, hakuna anayelalamika, shida ni mimi. Naingia kwenye seva na akaunti ya admini wa domeini (yani mtandao mzima wa akaunti na kompyuta za ofisi), nafungua D:\Yuza, majina ya watu wote nayaona, ila nikibofya la mtu yeyote naambiwa sina ruhusa. Tabu ya Security nayo haitaki hata kunionyesha mmiliki ni nani. Nikicheki ukubwa wa folda naambiwa 0, wakati diski inajaa kila wiki na sijui nani anaijaza.

Na kabla hamjaniuliza, sio kwamba nataka kupekua vitu vya watu. Mwisho wa mwezi tunahamia seva mpya, sasa nitahamisha vipi kitu nisichoweza kukifungua?

Halafu nimeshaharibu tayari, bora niseme ukweli. Kwa yuza mmoja nilijichukulia umiliki, nikatiki ile ya kubadilisha na folda za ndani zote, ikaniuliza swali nikajibu ndiyo bila kusoma, nikaingia safi nikajiona mtaalamu. Kesho yake asubuhi dada wa watu kawasha kompyuta, Documents inamkatalia yeye mwenyewe mwenye mafaili. Nimemfungulia kwa muda kwa kumuongeza kwa mkono lakini kwenye logi ya Application ya kompyuta yake bado kosa namba 502 linarudi kila akilogini. Nifanyeje?

waya_mwekundu
Pole mkuu. Kwanza tulia, hiyo sio ugonjwa, ndo ilivyotengenezwa. Fungua hiyo GPO, upande wa User Configuration, nenda Folder Redirection, bofya kulia Documents halafu properties, tabu ya Settings. Kuna kiboksi cha kumpa yuza haki za peke yake juu ya Documents. Hicho huwa kimetikiwa tangu mwanzo, mtu asipokigusa kinabaki hivyo. Kikiwa na tiki, siku yuza analogini mara ya kwanza folda inaundwa, anafanywa mmiliki, urithi wa ruhusa toka juu unakatwa, na wanaobaki na ufunguo ni wawili tu: yuza mwenyewe na SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe). Administrators hawamo. Kwa hiyo uwe admini wa domeini au wa dunia nzima, mlango ni uleule.

waya_mwekundu
Nimesahau na hiyo 502. Hicho kiboksi kikiwa na tiki kompyuta ya yuza inakagua pia mmiliki wa folda ni nani. Ikikuta ni wewe na sio yeye inagoma kuielekeza. Ndo maana dada umemrudishia ruhusa na bado inalia.

kijana_wa_IT
Si uwaombe pasiwedi zao tu uingie kama wao 😂 dakika mbili kazi imeisha

mama_seva
@kijana_wa_IT usije ukarudia hiyo mahali popote, hata kwa utani. Siku faili limepotea na jina lililo kwenye logi ni la yule yuza utamwambia nini bosi wake?

@admini_mpweke mwanangu, nisikilize vizuri. Achana kabisa na kuchukua umiliki. Kila mtu akikataliwa mlango anakimbilia hapohapo na ndo panapovunja watu. Rudia kusoma alichokuambia waya, wenye ufunguo ni wawili, yuza na SYSTEM. Sasa SYSTEM si iko hapohapo kwenye seva yako? Huna haja ya kuvunja kufuli wakati mwenye ufunguo anakaa ndani, muombe yeye akufungulie.

Fanya hivi. Kwenye domeini tengeneza kundi jipya, liite Wasimamizi_Mafaili, jiweke humo, halafu logiauti na ulogini tena, usipofanya hivyo akaunti yako haitajua kama imeingia kwenye kundi na utarudi hapa kusema haifanyi kazi. Kisha pakua PsExec ya Sysinternals, kiprogramu cha kuendesha komandi kama akaunti nyingine, fungua komandi kama admini, andika:

psexec -i -s cmd

Litafunguka dirisha lingine jeusi. Humo andika whoami, ikijibu nt authority\system ujue sasa wewe ndo mwenye ufunguo. Kabla ya kugusa chochote hifadhi ruhusa zilivyo sasa kwa icacls, komandi ya ruhusa za folda:

icacls D:\Yuza /save C:\ruhusa.txt /T /C

Halafu jaribu kwa mtu MMOJA, na awe mtu mpole:

icacls "D:\Yuza\jina" /grant "OFISI\Wasimamizi_Mafaili:(OI)(CI)F" /T /C

OFISI weka jina la domeini yako, jina weka la yuza. F ni haki zote, (OI)(CI) ni zishuke mpaka ndani. Hapo unaongeza tu, hufuti ruhusa ya mtu na mmiliki anabaki yuleyule. Ikikubali, na yule mtu akalogini bila shida, ndo uifanye kwa D:\Yuza nzima. Ukiharibu unarudisha kwa icacls D:\ /restore C:\ruhusa.txt, na angalia hapo, unaitaja D:\ yani folda ya juu yake, sio D:\Yuza. Mimi hapo nilipoteza nusu siku nzima.

Huyo dada uliyemchukulia umiliki, ile ndiyo uliyojibu ilifuta ruhusa zote pamoja na ya SYSTEM, ufunguo unao wewe. Kwa hiyo yake ifanye kwenye komandi ya kawaida uliyoifungua kama admini:

icacls "D:\Yuza\jina" /setowner OFISI\jina /T /C

na mpe yeye, SYSTEM na lile kundi grant ya F kama hiyo ya juu. Alogiauti, alogini, 502 itakaa kimya.

admini_mpweke
Mama shikamoo. Swali la kijinga, kwa nini kundi jipya wakati kundi la Administrators lipo na mimi nimo?

mama_seva
Marahaba. Sio la kijinga. Ukiwa umekaa kwenye seva yenyewe ukafungua folda kwa kubofyabofya, UAC, ule ulinzi wa Windows unaouliza kabla ya kazi za admini, inakuvua uadmini mpaka uombe. Kwa hiyo hata ukiwapa Administrators haki zote bado kitatokea kile kidirisha chenye kitufe cha Continue. Watu wanakibofya tu. Kumbe kila ukikibofya kinaichomeka akaunti yako wewe binafsi, kwa jina lako, kwenye ruhusa za ile folda, na haitoki. Nishawahi kukuta seva ina majina ya maadmini wanne walioondoka zamani, yamejaa kwenye folda za watu kama vibandiko. Kundi la kawaida ulilolitengeneza mwenyewe UAC hailivui.

bakapu_kwanza
Naongezea upande wa kuhama. Kwa kunakili tu wala hukuhitaji ruhusa za folda moja moja. Robocopy, komandi ya Windows ya kunakili mafolda, ina /B, inasoma kwa haki ya bakapu, ile ambayo admini anayo tayari, na inapita hata pale ambapo jina lako halimo. Tumia robocopy kutoka folda ya zamani kwenda mpya na /MIR /COPYALL /B, hiyo COPYALL inabeba na ruhusa na mmiliki. Ila /MIR uwe nayo makini, inafuta kule unakopeleka chochote kisichokuwepo kule unakotoa, ukigeuza njia kwa bahati mbaya umejimaliza.

Na hakikisha kompyuta za watu zimemaliza kusinki kabla hujaanza, maana folda zilizoelekezwa huwa zinawekwa nakala ya ofulaini kwenye kompyuta yenyewe, mtu mwenye laptop anaweza kuwa na kazi ya wiki nzima ambayo seva yako haijawahi kuiona.

admini_mpweke
Nimerudi. Mtu mmoja ilikubali, nikafanya wote, naingia kila folda, dada wa 502 amepona. LAKINI. Nimefunga dirisha nikafungua tena D:\Yuza, yale majina 60 ya watu YOTE yamegeuka kuwa Documents. Folda 60 zinaitwa Documents Documents Documents mpaka chini. Jasho linanitoka hapa, nimebadilisha majina ya folda za watu???

waya_mwekundu
😂😂😂 samahani mkuu sio kwamba nakucheka wewe, nimejikumbuka mimi. Hujabadilisha kitu. Fungua komandi andika dir D:\Yuza, utaona majina yako palepale.

admini_mpweke
Yapo! Asee. Nini sasa hiki?

waya_mwekundu
Ndani ya kila Documents kuna kifaili kilichofichwa kinaitwa desktop.ini, kinamwambia Windows hii folda ionyeshe kwa jina la Documents. Mwanzo ulikuwa huwezi kukisoma kwa hiyo ulikuwa unaona jina halisi. Sasa umepewa ruhusa, umekisoma, umedanganyika kama yuza wengine. Inatokea pale GPO inapoielekeza Documents moja kwa moja kwenye folda yenye jina la mtu. Ingekuwa jina la mtu halafu ndani yake Documents usingeliona hili. Kwenye seva mpya ielekeze hivyo. Kwa sasa linyime lile kundi lako kukisoma hicho kifaili tu, kwenye dirisha la SYSTEM:

for /d %a in (D:\Yuza\*) do icacls "%a\desktop.ini" /deny "OFISI\Wasimamizi_Mafaili:R"

Usikifute, kitajirudia.

admini_mpweke
Majina yamerudi. Na kile kiboksi cha haki za peke yake nimekitoa tiki, sasa yuza wapya nao?

mama_seva
Kukitoa kunawahusu wale ambao folda zao bado hazijaundwa, za zamani ndo hizo umeshazitengeneza kwa icacls. Wapya watarithi ruhusa za folda ya juu, kwa hiyo iweke sawa kabla. D:\Yuza yenyewe ikate urithi wa diski, halafu SYSTEM na kundi lako wapate kila kitu mpaka ndani, CREATOR OWNER apate kila kitu ila kwa folda za ndani na mafaili tu, na yuza wa kawaida wapate kuorodhesha na kuunda folda, kwa folda HIYO TU. Hapo mwisho ndo watu wanakosea, wanaacha ishuke mpaka ndani na kila mtu anasoma Documents za mwenzake, ya bosi ikiwemo. Ukimaliza logini na akaunti ya majaribio ujaribu kufungua folda ya mtu mwingine. Ikifunguka rudi nyuma.

Na usitegemee gpupdate (komandi ya kulazimisha GPO zisomwe upya) pekee, uelekezaji wa folda unafanyika mtu akilogini, na wakati mwingine mpaka alogini mara mbili.

mpita_njia
Naomba niulize tofauti kidogo. Wakubwa zako wanajua kwamba sasa unaweza kusoma Documents za watu wote 60, HR na wahasibu wakiwemo? Maana kama jana ulikuwa huwezi na leo unaweza, kuna siku mshahara wa mtu utavuja na wa kwanza kuitwa ni wewe.

admini_mpweke
Mkuu umenigusa, hilo sikuliwaza kabisa. Nitaandika barua pepe kwa meneja leo hii, na nitawasha ukaguzi kwenye ile folda ili kila anayefungua aandikwe, mimi nikiwemo.

mama_seva
Safi. Na akaunti yako ya kila siku itoe kwenye hilo kundi, weka akaunti ya pembeni unayoitumia siku ya kazi hiyo tu.

admini_mpweke
Nimetoa. Asanteni sana wakuu, mama Mungu akuweke. Robocopy nimeijaribu kwa folda tatu imebeba vizuri na wamiliki wao, wikendi nahamisha zilizobaki.

Halafu nimejua anayejaza diski. Nimepanga folda kwa ukubwa, ya kwanza inazidi za yuza wote wengine wakijumlishwa, imejaa faili za ISO (nakala za diski nzima) na bakapu za bakapu. Ni ya yule admini aliyeondoka 😂

waya_mwekundu
😂😂 Usiifute kwanza. Angalia kama maelezo ya setapu hayamo humo.

admini_mpweke
Yamo. Kurasa 14.