Leva za kisasa za .30-30: mipako mipya inalinda kweli kwenye unyevu?

Mti_Mkavu
Wakuu, naomba ushauri wa wanaozijua bunduki za leva (unazopakia risasi kwa kuvuta leva iliyo chini). Niko pwani ya Maine, Marekani, nawinda kulungu mwezi wa Novemba kwenye msitu mnene. Umbali wa kupiga ni mita 100 kwa wingi, mara nyingi chini ya 60. Hali ya hewa ni mvua baridi au theluji inayoyeyuka kutwa nzima, na chumvi ya bahari haiko mbali.

Nimeoneshwa Marlin 336 ya zamani, ya risasi ya .30-30, yenye alama ya JM (ya kiwanda cha zamani cha Marlin) kwenye mtutu, ina bluu ya kiwandani na kitako cha mti. Nikiongeza fedha napata mpya: Henry, Marlin za sasa zinazotengenezwa na Ruger, au ile Smith & Wesson 1854. Je, hiyo mipako mipya inalinda kweli? Na kati ya nyuzi za mdomoni (za kufungia kifaa mbele ya mtutu), reli (ya kufungia kilenga juu), M-LOK (matundu ya kufungia vifaa kwenye sehemu ya mbele) na lango la kujazia pembeni, kipi cha kazi na kipi ni urembo?

FundiMtutu
Mkuu, tenganisha vitu viwili: chuma chenyewe, na kilichopakwa juu yake.

Bluu ni tabaka jembamba sana la oksidi. Kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Yakikauka, kutu inaingia. Cerakote ni mpako wa seramiki na polima wenye unene wa kama milimita 0.025, na unazuia maji ya chumvi vizuri mno, lakini pale tu ulipofika. Ndani ya mtutu, ndani ya chemba (panapokaa risasi inayopigwa), springi na ndani ya bomba la magazini (linalobeba risasi chini ya mtutu) havipakwi. Kwa hiyo bunduki inaweza kung'aa nje huku chemba ina vidonda vya kutu, na chemba ikiwa na vidonda ganda linang'ang'ania humo, unabaki unavuta leva kwa nguvu. Stenlesi ndiyo inayolinda hadi ndani, ingawa nayo hutoa madoa ukiiacha kwenye mfuko wenye unyevu. Henry All-Weather imechukua njia ya tatu, kromu ngumu juu ya chuma cha kawaida, na kitako chake kimepakwa kuzuia maji.

Usinunue rangi nyeusi ukidhani ni kinga. Henry X ina kitako cha plastiki na sura ya kivita, lakini chuma chake ni cha bluu kama bunduki ya babu. Hata kwa Marlin Dark, yenye Cerakote nyeusi, uliza kwanza chini ya mpako kuna chuma gani.

Ukichukua hiyo JM, kagua kabla ya kulipa: chini ya mbao ya mbele, chini ya bendi zinazoshika bomba, kwenye mashimo ya skrubu, na mdomoni. Mbao ikilowa inashika maji dhidi ya mtutu kwa siku nyingi, na hapo kutu hula bila kuonekana. Vua mbao ya mbele mara moja kwa msimu, paka nta upande wa ndani, kisha futa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Jambo jingine ambalo mpako hauwezi kulitatua ni jasho la chuma. Bunduki iliyoganda ukiiingiza kwenye chumba chenye moto, unyevu unatanda kila mahali, hadi ndani ya bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma). Toa risasi zote, iache gereji au mahali pengine penye baridi panapofungwa kwa ufunguo. Ukilazimika kuiingiza, iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, ndipo uifungue na kuikausha. Na usiloweshe mafuta mazito kwenye pini inayogonga fataki (kiwashio kilicho nyuma ya risasi). Kwenye baridi kali yanaganda, pini inagonga kwa ulegevu, risasi haiwaki.

Kilenga_Tundu
Naongezea upande wa vifaa.

Reli yenye kilenga cha tundu ndicho kitu cha kwanza ningelipia. Msituni alfajiri, tundu pana la nyuma na nukta inayong'aa mbele ni haraka kuliko darubini, na tone la maji halikuzibi macho. Lakini skrubu za reli hulegea kwa mateke ya bunduki. Zitoe, safisha mafuta yote, weka tone la gundi ya kushikilia nyuzi, ile yenye rangi ya bluu, kaza kwa bisibisi ya kipimo hadi kama Nm 2. Ukikaza kwa hisia ya mkono, ama zitalegea ama utaharibu nyuzi.

Nyuzi za mdomoni zina maana ukitaka kufunga kizuia sauti au kipunguza teke. Kwa .30-30 utakuta 5/8-24 (kipenyo kwa inchi, kisha idadi ya nyuzi kwa inchi). Marlin 1895 ya .45-70 ina 11/16-24, kwa sababu tundu la risasi ni pana na nyuzi za kipenyo kidogo zingeacha ukuta dhaifu. Usilazimishe kifaa cha kipimo kimoja kwenye kingine. Kwa .30-30 kipunguza teke hakina haja. Kitakuongezea kelele tu masikioni.

Lango la pembeni ni la kazi, maana unaongeza risasi mojamoja bila kugusa mdomo wa bunduki. Lakini bomba la ndani la magazini linalochomoka nalo lina faida yake. Unamwaga risasi zote bila kuzipitisha chemba moja baada ya nyingine, na kila anayeshuka kutoka msituni vidole vimekufa ganzi anajua usalama huo unavyosaidia. Henry zenye lango zina vyote viwili, na S&W 1854, iliyotoka 2024 kwa .44 Magnum, vilevile. Hiyo .44 kwa mita 60 inamtosha kulungu, ikifika 100, .30-30 inashika njia vizuri zaidi.

M-LOK utaitumia kwa tochi au ukanda. Kwa windo la mchana haina uzito katika uamuzi.

Halafu risasi. Kwenye bomba, ncha ya risasi moja inakaa nyuma ya fataki ya nyingine, kwa hiyo ncha kali ngumu ni marufuku. Tumia ncha bapa za greni 150 au 170 (kipimo cha uzito wa risasi), au zile za Hornady zenye ncha laini ya polima. Anayetaka risasi zenye ncha kali kama za .308 atafute leva ya magazini ya sanduku: Browning BLR au Henry Long Ranger. Wazo si jipya; Winchester 1895 ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, ile ya .405 aliyokuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909, ilikuwa na sanduku chini.

Mti_Mkavu
Asanteni sana wakuu. Vipi nikichukua hiyo JM nikaipaka Cerakote mwenyewe?

FundiMtutu
Inawezekana, ila JM ya zamani ikipakwa upya inapoteza thamani kwa wakusanyaji. Kama bluu yake ni nzima, iache.

Kama imeshachakaa, hatua za H-Series (Cerakote ya kuokwa) ni hizi. Vunja kila kitu, hadi vilenga kwenye mikato yake (mifereji inayovishika). Loweka kwenye asetoni, kisha usiguse tena kwa mikono mitupu. Weka oveni kwenye nyuzijoto 149 za Selsiasi kwa saa moja ili mafuta yaliyojificha yatoke. Yakitoka, rudia asetoni. Hapa ndipo wengi huharibu: mafuta yaliyobaki kwenye mikato hutoka wakati wa kuoka na rangi inafanya malengelenge. Ziba mtutu, chemba na nyuzi, piga mchanga wa oksidi ya alumini namba 100, kwa mkono mwepesi kwenye namba ya bunduki, maana kuifuta ni kosa la jinai. Changanya rangi sehemu 18 kwa kigumu sehemu 1, chuja, nyunyiza tabaka jembamba, oka kwa nyuzijoto 121 za Selsiasi kwa saa mbili. Vaa barakoa ya kemikali, na oveni hiyo isipikiwe chakula tena.

Usipake njia ya bolti wala kipandisha risasi (kinachoinua risasi kuelekea chemba). Unene ule mdogo unatosha kuifanya leva iwe nzito.

Kilenga_Tundu
Na kabla hujalipia JM, jaribu kuifungua. Hakikisha haina risasi, fungua leva nusu, toa skrubu ya leva, toa leva, vuta bolti nyuma. Ejekta (kipande kinachorusha ganda nje) itaanguka yenyewe, iangalie isipotee. Ukirudisha, ejekta iingie kwanza kwenye tundu lake, bolti nusu njia, ncha ya leva kwenye mkato wa bolti, halafu skrubu. Bolti ikishatoka unasafisha mtutu kutoka nyuma bila kukwaruza mdomo. Tazama na kipandisha risasi: kikiwa na mkwaruzo mzito pale leva inapokisugua, risasi mbili zitaingia pamoja na bunduki itakwama. Hapo omba bei ishuke, au iache.