Mizizi ya areka imetoka chini ya ndoo: niihamishe sasa au nisubiri?

Binti_Forest (Julai)

Wakuu, poleni na baridi. Niko Mbeya mjini, Forest. Nina areka, ule mti wa pambo wenye majani kama ya mnazi. Niliinunua 2021 ikinifika gotini, sasa imenipita kichwa. Ipo kwenye ndoo ya rangi ya lita 10 niliyoitoboa matundu matatu kwa msumari wa moto. Juzi nafagia sebule, nikataka kuisogeza, ndoo ikagoma: mizizi imepita kwenye matundu na kutandaa kwenye kisahani kama tambi. Nikimwagilia, maji yanapita moja kwa moja hadi chini. Ncha za majani nazo zimeanza kuwa kahawia.

Nina likizo ya siku tatu, nataka niihamishie kwenye pipa la lita 60 nisirudie kazi hii tena. Halafu mama mkwe wangu wa Tukuyu aliipenda sana alipokuja Pasaka, nikamwahidi kuigawa nusu. Mashina nimehesabu kumi na moja. Nianzie wapi?

Mkulima_Mwanjelwa

Itoe, kung'uta udongo wote, osha mizizi, punguza kidogo kwa panga, weka udongo mpya na samadi. Migomba tunaifanyia hivyo na inashika vizuri.

MamaMiche_Uyole

Mwanangu, kabla hujashika panga nisikilize. Mwezi huu usiiguse.

Ndugu yangu wa Mwanjelwa namheshimu, ila mgomba una tunguu lenye akiba, mizizi ikikatwa unatoa mingine upesi. Jamii ya minazi siyo hivyo. Mzizi ukikatika, mara nyingi hufa kurudi nyuma hadi shinani, na mti unabaki kungojea mizizi mipya ichomoze kwenye kitako chake. Ikitokea hivyo wakati wa joto, unavumilia. Lakini areka asili yake ni Madagaska, na usiku wa Julai hapa kwetu unashuka chini ya nyuzi 10. Mizizi imelala. Ukiijeruhi sasa, udongo unakaa na maji, baridi inaendelea, inaoza.

Nasema hivi kwa sababu nilishaua mmoja. Ilikuwa Julai 2016, nikauosha mizizi ikawa myeupe, safi kabisa, nikajiona nimefanya kazi. Mwezi wa nane jani la katikati, lile changa lililosimama kama mkuki, nikalivuta kidogo tu likatoka mkononi, kitako chake kimelainika na kunuka. Jani hilo likishatoka hivyo, shina hilo hesabu limekwenda.

Subiri Oktoba, vumbi likiwa bado lipo lakini usiku umeshapoa ukali, au Novemba mvua zinapokaribia. Mti hauna shida na kubanwa. Miaka miwili mitatu kwenye chombo kimoja ni kawaida yake. Kwa sasa mwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa zamu moja, udongo upate kunywa. Maji ya bomba ya asubuhi ni barafu, yachote jioni yalale ndani. Na kama mnaota jiko la mkaa hapo sebuleni, litoe. Hewa kavu inachoma ncha za majani, lakini hilo ni dogo: hewa ya sumu ya mkaa haionekani na inaua watu usingizini. Tafadhali sana.

Pipa la lita 60 acha. Udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji siku nyingi. Tafuta chombo kinachozidi ndoo yako vidole viwili kila upande, basi.

Siku ya kazi, mwagilia tangu jana yake. Usivute mti kwa mashina: ipasue ndoo. Ndoo ya rangi haina thamani ya mti wa miaka hiyo. Bonge la mizizi litoke zima, lisikung'utwe. Ile iliyooza tu, ya kahawia na laini, ndiyo ukate. Lipande kina kilekile, usizike mashina. Jaza pembeni ukishindilia taratibu kwa kijiti, mwagilia hadi maji yatoke chini, weka mbali na jua la dirishani. Mbolea baada ya miezi miwili.

Kuhusu mama mkwe: usigawe. Hayo mashina mara nyingi ni miche mingi iliyopandwa pamoja, mizizi imesukana kama ukili. Mtafutie mche wake, umpelekee mzima.

Fundi_Mafinga

Kamwene. Naunga mkono. Naongezea udongo: huku tuna magamba ya paini yaliyooza, nachanganya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya magamba, moja ya mchanga wa mto. Mbeya pumba za mpunga kutoka Mbarali ni rahisi kupata, zilizochomwa nusu zinafaa. Kokoto chini ya chungu hazisaidii kutoa maji, zinakula tu nafasi ya mizizi. Matundu ndiyo muhimu.

Binti_Forest

Mama, nimekuelewa. Jiko tulikuwa tunaliingiza kila jioni kwa ajili ya mtoto. Leo halijaingia.

Binti_Forest (Novemba, mrejesho)

Nimeihamisha tarehe 19 Oktoba. Ndoo tumeipasua na shemeji kwa msumeno mdogo, bonge limetoka na umbo la ndoo, mizizi imezunguka chini raundi tatu, mingi myeupe. Majani mawili ya chini yamekauka, lakini leo asubuhi mkuki mpya umechomoza shina la nyuma, urefu wa kidole. Sijaugusa.

Mama mkwe nilimpelekea mche wa areka wa kifuko, majani manne. Ameuweka karibu na dirisha la jikoni. Mama wa Uyole, ndaga fijo, asante sana.